Ukituma Mtu Kazimia

Ukimuuliza Papa wa Biro nyumba ya jirani yake iko wapi, nyumba ambayo ukuta wake unauona kupitia dirisha lake, atakuanzishia safari bandarini. Atavua miwani, atanyoosha mkono kuelekea ziwa, ingawa ziwa halionekani kutoka pale alipoketi, kisha ataanza: "Unatoka ku bandari. Unapanda na barabara ya soko. Unapita bamama ba ndagala, bale ba kuuza samaki kadogo, unabaacha mukono wa kuume..."

"Papa, mi niko hapa. Siko bandari."

"Weye uko hapa. Lakini kesho utaipatia muntu mwingine hii njia, na huyo muntu atakuwa ku kijiji ya Lweba. Njia yenye kuanzia pale umesimama inasaidia weye peke yako."

Kwa muda mrefu nilidhani ni uzee. Baadaye niligundua kwamba hata kwenye kompyuta anaandika hivyo hivyo. Akitaka faili lililo mbele ya pua yake, anaandika anwani yake nzima, kuanzia mzizi wa mashine, folda baada ya folda, kwa vidole viwili. Nilimwambia kuna njia fupi. Alinijibu kwamba njia fupi anazijua zote, ndiyo maana hazitumii.

Biro yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya soko la Baraka: mashine ya fotokopi inayokohoa, printa, kompyuta mbili, na paneli za jua juu ya mabati. Watu huja kuandikiwa barua, kupigwa picha za pasipoti, kuchapishiwa mialiko ya ndoa. Lakini kilichomfanya awe Papa wa Biro, badala ya mzee mwenye fotokopi, ni folda moja iliyo ndani ya kompyuta ya kushoto. Aliipa jina la Watu.

Ndani ya Watu kila familia ina folda yake. Humo mna vyeti vya kuzaliwa, diploma, kadi za ubatizo, karatasi za ndoa na za talaka, mapatano ya mashamba. Huku kwetu tumekimbia mara nyingi hadi kukimbia kuna utaratibu wake: godoro kichwani, sufuria mkononi, mtoto mgongoni. Karatasi hubaki. Ukirudi, nyumba utaijenga tena kwa udongo ule ule, lakini ni nani atakayekuandikia tena kwamba ulimaliza shule, na mkuu wa shule naye amekimbilia ng'ambo ya ziwa? Kwa hiyo Baraka ikajifanyia desturi. Anayepata karatasi ya maana hupita biro kabla ya kufika nyumbani, anaiweka mezani na kusema, "Ingiza mu Watu." Hakuna serikali iliyotangaza desturi hiyo. Imamu yumo, mchungaji wa Lubondja yumo, na kwa kuwa folda zimepangwa kwa alfabeti, wametenganishwa na muuza matairi tu.

Mimi sikuajiriwa pale. Nilikuwa nimerudi kutoka Bukavu na diploma ya informatiki, nikaenda kupiga fotokopi zake ili nitafute kazi. Nikaona kompyuta haina Windows. Nikauliza kwa nini. Akasema Windows ya kwanza ilikufa kwa virusi vya flashi za wanakwaya, na ya pili vilevile, na yeye hakutaka kuzika ya tatu. Nikauliza ni nani basi aliyemfundisha mfumo huu mwingine, wa kuandika amri kwa mkono kwenye kioo cheusi. Akasema ni mhandisi mmoja aliyekuja kutengeneza mnara wa simu. Wiki iliyofuata nilimsikia akimwambia mteja kwamba alijifunza katika kitabu kilichosahauliwa hotelini. Mwezi uliofuata alikuwa ni padri. Nilipombana achague moja, aliniita kwa mara ya kwanza jina ambalo sasa hata mama yangu analitumia: Mamzeli Juu-ya-nini, kwa sababu Kiswahili cha kwetu hakisemi "kwa nini", kinasema "juu ya nini", nami nilikuwa nimelisema mara nyingi mno kabla ya saa sita.

Nilikaa pale miaka minne.

Somo lake la kwanza kwangu nilijitafutia mwenyewe. Nilichoka kuandika anwani ndefu ya Watu kila asubuhi, nikaandika skripti, yaani orodha ndogo ya amri ambayo kompyuta inaisoma na kuitekeleza mstari kwa mstari. Yangu ilikuwa na amri moja tu, ile ya herufi mbili, cd, ya kuhamia folda nyingine: nipeleke Watu. Nikaiendesha. Kompyuta ikasema imemaliza. Nikatazama nilipo. Nilikuwa pale pale nilipokuwa. Nikaiendesha tena. Nikaibadilisha jina, kana kwamba jina ndilo lenye kosa. Nikaiendesha mara ya sita huku nikibonyeza kwa nguvu zaidi.

Papa wa Biro alikuwa akinywa chai yake ya tangawizi na kunitazama kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha.

"Inakataa," nikasema.

"Haikatae. Imefika Watu mara sita. Imechoka hata."

"Mbona mimi siko Watu?"

Akaweka kikombe. "Sikiliza. Weye umekaa hapa Baraka. Unaita muntu, unamuambia: nenda Kazimia. Anapanda boti, anafika Kazimia, anakanyaga muchanga ya Kazimia, kazi yake inaisha. Weye uko wapi?"

"Baraka."

"Matako yako iko ku kiti gani?"

"Hiki hiki."

"Basi. Skripti ni muntu umetuma. Akitembea, anatembea na miguu yake. Umutume Kazimia, umutume Bujumbura, weye hutasogea hata kidogo."

Nilikuwa nimesoma jambo hilo chuoni. Nilikuwa nimelijibu kwenye mtihani, tena vizuri: mchakato mzazi, mchakato mtoto, kila mmoja na saraka yake. Lakini kati ya kujibu mtihani na kubonyeza mara sita kuna umbali, na Papa wa Biro ameketi katikati yake na kikombe cha chai.

"Na kama nataka kufika mwenyewe?"

"Panda boti." Akainama upande wangu, akaandika nukta moja na nafasi mbele ya jina la skripti yangu. Nukta tu. "Hii inasema: usitume muntu na karatasi. Isome hapa, weye mwenyewe, kama iko maneno ya kinywa yako." Akabonyeza. Nilikuwa Watu.

Nilichukia jinsi mfano wake ulivyokuwa mzuri. Nilikaa siku mbili nikiutafutia tundu, na siku ya tatu nikamwambia kwamba mtu aliyetumwa Kazimia angalau anaweza kurudi na samaki. Akasema skripti nayo inaweza, ukiiomba vizuri. Nikaacha.

Alikuwa na swali moja ambalo alimuuliza kila mtu kabla ya kingine chochote: "Uko wapi?" Mteja anapiga simu akilia kwamba cheti cha mwanawe kinatakiwa leo, naye anasema, "Tulia. Uko wapi?" Mimi nikimwambia printa imegoma, yeye: "Weye uko wapi?" na alimaanisha niko folda gani. Aliamini kabisa kwamba maafa yote ya dunia hii yanatokana na mtu kufanya jambo sahihi akiwa mahali ambapo si penyewe. "Kufuta siyo kosa," alikuwa akisema. "Kosa ni kufuta pale unafikiria uko."

Na bado mtu huyuhuyu, mwenye mahubiri ya kupanda boti mwenyewe, hakupanda boti. Huu ndio ukinzani wake mkubwa, nami niliutumia kila nilipohitaji kushinda ubishi. Yeye ni wa familia ya Waislamu wa pwani ya ziwa, kaka zake wote wana boti, mmoja ana tatu. Yeye hupauka uso akitazama ubao wa kuvukia. Akitaka kitu Kazimia, anatuma mtu. Akitaka kitu Uvira, anatuma mtu. Shemeji yake alipooa ng'ambo, alituma mtu na kuku wawili.

"Papa, juu ya nini hupande boti?"

"Miye nina kazi."

"Hata siku ya Pasaka ya Wakristo, biro ikifungwa?"

"Siku hiyo nina kazi ya kupumuzika."

Alikuwa mkali pia, lazima niseme, maana nikimsifu tu atasoma na kusema nimempaka sukari. Aliwafokea wateja waliokuja na karatasi zilizokunjwa. Mama mmoja alifungua cheti kilichokunjwa mara nane, Papa akamuuliza, "Mama, ulikuwa unataka kukimeza?" Hakuamini kuweka nakala kwenye mtandao. Nilimweleza kwa subira kwamba kuna kompyuta kubwa za mbali ambazo zingezitunza karatasi zote. Akauliza, "Hiyo kompyuta ni ya nani? Anakaa wapi? Akikasirika tutamukuta ku mulango gani?" Maswali matatu, na hata moja sikuweza kulijibu vizuri. Kwa hiyo nakala ya pili ya Watu ilikaa kwenye diski ndogo ya nje, nyeusi, ukubwa wa kipande cha sabuni, iliyochomekwa kwenye kompyuta ya kushoto. Alikuwa akinakili mwenyewe kila siku, kwa mkono, anwani nzima hadi anwani nzima.

Hilo nililiona ni upotevu wa maisha ya binadamu. Nikamwandikia skripti.

Ilikuwa na hatua tatu. Ya kwanza: ingia kwenye diski. Ya pili: futa kila kilichomo. Ya tatu: leta nakala mpya ya kila kitu kutoka Watu. Niliiweka kando, nje ya Watu, lakini nikaiamuru isimame ndani ya Watu kabla ya hatua ya kwanza, na nikaipangia saa saba mchana kila siku, wakati jua linazipiga paneli vizuri. Papa alinusa. "Ikishindwa kuingia mu diski?"

"Itashindwaje? Diski haitokagi."

Tukaijaribu Jumatatu. Ikafanya kazi. Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Kufikia Alhamisi Papa alikuwa ameipenda hadi kila alipokuwa na nafasi aliiendesha tena kwa mkono wake, apate tu kuona mistari ikipanda kwenye kioo.

Ijumaa asubuhi alikuja mama mmoja mkulima, mkimbizi kutoka Burundi, anayelima mihogo nje kidogo ya Lweba. Alikuwa ametembea. Karatasi yake ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki wa sukari: mapatano ya mkono, ambamo mwenye shamba anakubali kwamba mama huyu alime kipande kile mpaka watoto wake wakue, na vidole gumba vya mashahidi wawili chini. Mwenye shamba alikuwa amehamia Kazimia kwa biashara ya samaki. Karatasi ilikuwa imeanza kuliwa na unyevu. Niliipitisha kwenye skana mimi mwenyewe.

"Sasa iko mu Watu?" akauliza.

"Iko mu Watu, mama."

Akaikunja tena taratibu, Papa akakohoa kuhusu mikunjo, mama akaondoka.

Saa sita na nusu Papa akanawa mikono, akavaa kanzu, akachukua boksi la kofia yake, akaenda msikitini. Mimi nikabaki nikila muhogo wa kuchemsha. Saa saba ikapita. Baada ya dakika chache mteja akataka diploma yake. Nikafungua Watu.

Palikuwa patupu.

Nilijiuliza niko wapi, kama nilivyofundishwa. Nilikuwa Watu. Watu haikuwa na mtu.

Ndipo nikatazama upande wa kompyuta. Waya wa diski ulikuwa unaning'inia, mwisho wake haujashika kitu. Miaka yote ile, na mimi ninayeuliza kila kitu, sikuwahi kuuliza kwa nini boksi la kofia linakwenda msikitini wakati kofia iko kichwani. Siku nyingine Papa aliswali pale pale biro, nyuma ya fotokopi. Ijumaa alikwenda msikitini, na hakuiacha karatasi ya mtu yeyote na mimi, wala na kufuli. Alichomoa diski, akaifunga kwa leso, akaitia kwenye boksi, wakaenda kuswali wote.

Mtu akishindwa kuingia kwenye nyumba aliyotumwa kufagia, anarudi na kusema mlango umefungwa. Skripti yangu haikuwa na akili hiyo, kwa kuwa mimi sikuipa. Ilifika kwenye diski, diski haipo. Ikaandika mstari mmoja wa lawama mahali ambapo hakuna anayesoma, kisha ikaendelea na hatua ya pili pale pale iliposimama. Ilikuwa imesimama ndani ya Watu. Ikafagia.

Papo hapo nikakumbuka jambo la pili, na hilo ndilo lililoniinua kitini. Nakala nzuri ya jana ilikuwa ndani ya boksi la kofia. Papa akirudi, atachomeka diski na kuiendesha skripti kwa furaha yake. Safari hii ingeingia kwenye diski bila shida, ingefuta kila kitu, na kuleta nakala mpya ya utupu.

Nilikimbia. Njiani nilijifunga kitenge kichwani, nikafika msikitini waumini wanatoka, nikasimama kwenye viatu vyao. Papa alitoka wa mwisho, boksi kwapani, akimsikiliza mtu kwa adabu.

"Papa, usichomeke!"

"Na salamu?"

"Asalaam aleikum. Papa, usichomeke diski!"

"Aleikum salaam. Uko wapi?"

"Niko hapa!"

"Uko hapa kweli? Angalia miguu yako."

Nilikuwa na kandambili moja. Ya pili hatukuipata hadi leo.

Hakunifokea. Nilikuwa nimejitayarisha kufokewa, nikakosa. Alitembea hadi biro kwa mwendo wake wa kawaida, akafuta kwanza skripti kwenye ratiba, akachomeka diski, akarudisha Watu kwa mkono, anwani nzima hadi anwani nzima, kwa saa mbili. Kisha akanisogezea kiti. "Andika tena. Hatua ya kwanza: ingia mu diski. Na kama mulango imefungwa?"

"Simama hapo. Usifanye kingine."

"Andika basi."

Ni mstari mfupi sana. Nimeuandika kwenye kila skripti tangu siku hiyo, hata zile zisizofuta kitu.

Kila kilichoingia hadi Alhamisi kilirudi. Za Ijumaa asubuhi zilikuwa karatasi nne. Watatu walikuwa na simu, wakarudi kesho yake, tukaskani upya. Mama wa mihogo hakuwa na simu.

"Umemuambia?" Papa akaniuliza wiki iliyofuata.

"Nimemwambia. Nimetuma muntu wa Lweba."

Alinitazama juu ya miwani. "Umetuma muntu," akasema. Nilielewa alichokuwa akisema. Nilikuwa na shughuli nyingi, nikajifanya sikuelewa.

Muda si mrefu nikapata kazi kwenye ofisi moja Fizi, juu mlimani, nikawa nakuja Baraka siku za mwisho wa wiki. Ndivyo ilivyotokea kwamba nilikuwepo, Jumamosi moja ya kiangazi, mama wa mihogo aliporudi. Alikaa kwenye benchi, akajifuta jasho, akatabasamu kama mtu aliyekuja kuchukua kilicho chake.

"Papa, unipe karatasi yangu. Ndugu mudogo wa mwenye shamba alikuya akasema: lete niangalie. Nikamupa. Hajanirudishia. Juzi amekuya na kamba anapima shamba. Anasema mvua ikianza, analima yeye."

"Ulimupa ile yenyewe?" nikauliza. Sauti yangu haikuwa nzuri.

"Nilimuachia tu. Ya kwangu si iko mu Watu?"

Mtu niliyemtuma Lweba hakuwahi kufika kwake. Au alifika akasahau. Sijui. Nilimtuma tu, nikabaki nimekaa.

Nilifungua mdomo. Papa akanitangulia. "Mama, mashini ya biro imeikula. Siku ile ile. Ni kosa ya biro, siyo yako."

Hakusema ni mashini ya nani, wala mkono wa nani. Mama alitazama kompyuta ya kushoto kama mtu anavyotazama mbwa aliyemzoea aliyemwuma. "Na mihogo yangu?"

"Mwenye shamba angali muzima. Ataandika ingine. Mbele ya mvua."

Akaanza kutuma watu. Wa kwanza alikuwa mchuuzi wa samaki. Alirudi akisema mwenye shamba anawasalimu sana. Wa pili, nahodha, mtoto wa kaka yake Papa, alirudi akisema hakumkuta. Wa tatu alikuwa mchungaji, tukawa na matumaini, akarudi na jibu kwamba mwenye shamba "amesikia". Mimi nilijaribu simu kwa wiki mbili kabla ya kuambiwa kwamba ameiuza.

"Papa," nikamwambia, "unatuma, unatuma. Weye uko wapi?"

Ilikuwa utani. Hakucheka. Akaangalia mawingu yaliyoanza kukaa juu ya milima upande wa Lubondja, akarudi kwenye fotokopi.

Jumamosi iliyofuata nilishuka kutoka Fizi, sikupita biro, nikaenda moja kwa moja bandarini kupanda boti ya Kazimia. Nilikuwa nimejitungia hotuba njia nzima. Nitamwambia mwenye shamba: mimi ndiye niliyeifuta. Si mashini. Niandikie nyingine. Nilikaa juu ya magunia, mama mmoja akaniuliza kama ninakwenda kuolewa, kwa vile midomo yangu ilikuwa ikicheza peke yake.

Boti ilipogusa mchanga wa Kazimia, mtu wa kwanza niliyemwona, katikati ya ndagala walioanikwa, alikuwa ameketi juu ya kreti iliyopinduliwa. Kanzu imeloa hadi magotini. Uso una rangi ya jivu. Viatu mkononi. Boksi la kofia magotini, limefungwa kwa plastiki mara tatu.

"Papa?"

Alifungua jicho moja. "Mamzeli Juu-ya-nini."

"Uko wapi?"

Alifikiri, kwa uaminifu kabisa. "Kazimia," akasema. "Miye mwenyewe."

"Umekuja na boti?"

"Ya alfajiri. Usiniulize juu ya ile boti. Nimetapika mupaka chakula ya Idi."

"Na mwenye shamba?"

Akagonga kifua chake, na chini ya kanzu karatasi ikalia. "Aliniuliza, nani amekutuma. Nikamuambia hakuna. Nimekuya. Akaangalia kanzu, akaangalia sura yangu, akacheka kidogo, akaita mashahidi. Dakika kumi haikuisha. Batu watatu nilituma, Mamzeli. Watatu! Na ilikuwa dakika kumi."

Nilikaa mchangani karibu naye. Nikamwambia hotuba yangu yote, ile ya mwenye shamba, kwa kuwa hapakuwa tena na mwingine wa kumwambia. Nikaongeza na habari ya yule mtu wa Lweba.

"Najua," akasema.

"Mbona ulisema ni mashini?"

"Nilisema ni biro. Weye ulikuwa mu biro." Akafumba jicho tena. "Kesho utaenda Lweba kumupelekea. Usitume."

"Sitatuma. Na diski umeileta ya nini? Leo siyo Ijumaa."

"Ningeiacha na nani? Weye uko Fizi."

Boti ya kurudi ilikuwa ikipakiwa. Nahodha, yule mtoto wa kaka yake, alikuwa akituita kwa mikono huku akimcheka baba yake mdogo waziwazi. Papa aliitazama boti. Akatazama maji. Kisha akanigeukia na sauti ya mtu anayeuliza jambo la kitaalamu tu.

"Mamzeli. Skripti ikimaliza kazi, inajifia pale pale. Na mwenye kuituma anajikuta pale alikuwaka. Si njo vile?"

"Njo vile."

"Basi miye nimemaliza kazi. Nikikaa hapa kimya, nikijimaliza pole pole, siwezi kujikuta Baraka, ku kiti yangu?"

"Hapana, Papa. Hiyo ni ya yule aliyetuma. Weye umekuja mwenyewe. Kurudi pia ni mwenyewe."

"Nilikufundisha juu ya nini?" akanung'unika, akasimama. Akanyoosha mkono kwangu. Nilidhani ananipa karatasi niitunze. Alinipa viatu. Karatasi ilibaki kifuani, boksi likabaki kwapani, naye akaingia majini hadi magotini, akishika ubavu wa boti kama mtu anayeshika pembe za ng'ombe.

Tulikaa juu ya magunia. Milimani kulikuwa kweusi, lakini mvua ilikuwa bado. Mara tu injini ilipowaka alifumba macho yote mawili na kuyaweka hivyo.

"Tuko wapi?" akauliza baada ya muda.

Nilitaka kusema, hapa. Nikajizuia. Nikamwanzia bandarini Baraka, nikampandisha barabara ya soko, nikampitisha kwa bamama ba ndagala, mukono wa kuume, hadi mlangoni pa biro, kisha nikamrudisha pwani na kumshusha kwa ufuo wote, kijiji kwa kijiji, mpaka pale boti yetu ilipokuwa. Alitikisa kichwa. Akauliza tena. Nikaanza tena bandarini.